Wageni wa Kaskazi

Jina la mtaa wetu wa Mountain View, ulioko magharibi ya jiji la Nairobi kando ya barabara ya Waiyaki Way, lawaahidi wakazi wake mandhari ya mlima. Walakini iingiapo wiki ya tatu ya Disemba, shule zikiwa zimefungwa na ofisi zikiwa zimebakiwa na watu wa zamu, hapana anayeuulizia mlima huo, kwani nusu ya majirani huwa wamekwisha kushika njia ya mashambani, na katika nusu iliyosalia wengi huhesabu masurufu yao vidoleni, wakitafakari kama yatawafikisha baharini na kuwarudisha. Asiyeondoka ni askari wa langoni, aliyejikunyata ndani ya koti lake zito, na mbele yake daftari kubwa lenye safu saba alizozipiga kwa rula: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, nyumba aendayo mgeni, sababu ya kuja, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Nalitaja daftari hili mapema kwa kuwa miaka yote niliyokaa mtaani humo sikupata kulitazama vyema, mpaka nilipokwenda kula Krismasi ya mwaka 2022 Mombasa nikarudi.

Kwa mtu wa Nairobi, nyumba na nyumbani ni vitu viwili. Nyumba ni ile anayolala na kuilipia kodi. Nyumbani ni kule walikozikwa babu zake, na Krismasi ndiyo siku ya kurejea huko. Asimamaye Kangemi, mwendo mfupi kutoka kwetu, katika juma hilo, huyaona mabasi ya Kakamega, Busia na Kisumu yamesheheni magodoro, mikate na watoto waliovishwa nguo mpya tangu alfajiri, na nauli iliyokuwa ya kustahimilika mwezi wa Novemba huwa imepaa hata mtu akaona afadhali asiulize. Basi mtu wa makamo kama mimi, mzaliwa wa Kinangop ambaye mama yake yu hai, akisema kwamba mwaka huu atawapeleka watoto ufuoni, huonekana mithili ya mlinzi aliyetoroka zamu yake.

Nilimpigia mama simu nikamwambia twende sote. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na hiyo bahari ina nini ambacho Sasumua haina?"

Sasumua ni bwawa lililo karibu na kwake, ambalo maji yake huteremshwa kwa mabomba hadi Nairobi, naye kila amwonapo mjukuu ameacha mfereji wazi humkumbusha kwamba anayamwaga maji ya shosho wake. Nilimjibu kwamba bahari ni kubwa zaidi. Akasema atakuja kuhakikisha.

Njia ya Waiyaki

Tulitoka tarehe 23 kabla ya jua kuchomoza. Barabara ya Expressway, iliyofunguliwa mwaka huo huo na ambayo huanzia upande wetu wa Westlands ikapita juu ya jiji kilomita 27 hadi Mlolongo, ilituteremsha stesheni ya gari moshi ya Syokimau mapema kuliko tulivyozoea, na hapo tukajiunga na umati wa wasafiri walioagizwa kuyapanga masanduku yao chini kwa safu moja ndefu na kurudi nyuma, ili mbwa wa polisi wapite wakinusa. Mbwa alipita masanduku yote kwa dharau. Alipofika kwenye kiondo cha mama, ambamo mlikuwa na viazi, kabeji na nyama ya kukaanga iliyofungwa kwa karatasi, akasimama, akakinusa mara mbili, akamtazama bwana wake. Umati ukanyamaza. "Huyo ana njaa tu," mama akasema, na hata askari hakuweza kujizuia kucheka.

Msomaji mwenye umri wangu atalikumbuka gari moshi la zamani, lililokoma kuwachukua abiria wa Mombasa mwaka 2017, ambalo lilikuwa likiondoka stesheni ya mjini jioni na kufika asubuhi ikiwa Mungu amependa, na mtumishi akipita ujiani akigonga kengele ndogo kuwaita watu mezani. Reli ile ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896 ikafika hapa penye Nairobi mwaka 1899, na mji wenyewe ni mtoto wake. Reli mpya, iliyoanza kazi Juni 2017, imeugeuza mwendo wa usiku kucha kuwa mwendo wa saa tano au sita. Nauli ya daraja la pili tulipokwenda ilikuwa shilingi 1,000, na tangu Januari 2024 imepandishwa hadi 1,500, na wakati wa sikukuu asiyekata tiketi wiki kadhaa kabla hujuta.

Katika vituo vya njiani kimoja ni Kibwezi, na hapo ndipo safari yetu ilipopata maana ambayo sikuwa nimeikusudia. Barabara ipitayo mbele ya mtaa wetu inaitwa kwa jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa pande za Dagoretti, yaani pande zetu hizi, kabla Nairobi haijakuwako. Mwezi wa Oktoba 1890 Waiyaki alimpokea Frederick Lugard, mjumbe wa Kampuni ya Imperial British East Africa, wakala kiapo cha udugu wa damu, na mgeni akapewa mahali pa kujenga boma. Haukupita muda watu wa kampuni wakaanza kujitwalia vyakula vya wenyeji bila ya idhini. Udugu ukageuka uadui, na mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akafungwa, akapelekwa njia ya pwani. Hakufika. Alikufa Kibwezi akazikwa huko, na masimulizi ya Wakikuyu yasema kwamba alifukiwa angali hai. Mama aliijua habari hiyo tangu utotoni, lakini hakuwa amepata kupaona mahali penyewe. Gari moshi liliposimama alikigeukia kioo, akayatazama majani makavu na mibuyu ya mbali, na lilipong'oa akasema neno moja tu, si kwetu bali kwa kioo: "Aliwakaribisha."

Watoto hawakusikia, walikuwa wakingoja ndovu wa Tsavo, nao waliwaona, wekundu kwa vumbi la nchi ile.

Barazani

Nyumba tuliyoipanga Mombasa ilikuwa Bamburi, ghorofa ya juu ya nyumba ya mjane mmoja Mswahili, mzaliwa wa Mji wa Kale. Niliitafuta kwa hadhari, kwa sababu jirani yetu mmoja alikuwa amelipa kwa simu, mwaka uliotangulia, kodi ya nyumba ambayo ilikuwa picha tu, akafika usiku na watoto wake akakuta kiwanja kitupu na mbuzi wawili. Basi nilipouona mlango, na ukuta uliopakwa chokaa, na mbele ya ukuta kiti kirefu cha mawe kilichoshikana nao, nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kabla sijapiga hodi.

"Hodi ya nini na mlango u wazi? Karibuni, karibuni wanangu, poleni na safari."

Mwanangu mkubwa, kijana wa miaka kumi na minne, aliinua kiganja kama wafanyavyo wenziwe Nairobi akasema, "Niaje." Bibi alimtazama kwa upole, akarekebisha kanga begani. "Mimi sijambo, mume wangu. Na huko utokako, wazee hawaamkiwi?" Kijana akageuka rangi, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa taadhima kama mtu mzima, na kwa siku zote tulizokaa pale hakumpita bibi yule bila ya kumwamkia.

Hakutuuliza vitambulisho. Alimshika mama mkono akamketisha barazani, akasema, "Huyu mwenzangu ndiye mwenye safari, ninyi wengine ni wapagazi wake," kisha akatuma maji, na baada ya maji madafu. Baraza hilo la mawe, ambalo nyumba za kale za Mombasa na Lamu hazikosi, haliko ndani wala haliko nje: mgeni hupata kivuli na maji na maneno mema kabla hajavuka kizingiti, na mwenye nyumba huhifadhi sitara ya watu wake bila ya kumfungia mtu mlango usoni. Kodi nilikuwa nimeilipa, na ushahidi wake ulikuwa simuni mwangu. Lakini kupokewa namna ile hakukuwa ndani ya bei.

Upepo uletao watu

Jioni, upepo ulipokuwa ukizipeperusha kanga kambani, bibi alimwambia mama, "Huu ndio upepo wa kaskazi. Huu ndio uletao watu."

Maneno hayo yalikuwa na kina kuliko nilivyodhani. Tangu dahari kaskazi huvuma mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na majahazi ya Oman, ya Ghuba na ya Bara Hindi yalikuwa yakitweka matanga na kuteremka nayo mpaka Lamu, Malindi, Mombasa na Unguja, yamebeba tende, chumvi, papa mkavu na mazulia. Kisha mabaharia, maadamu upepo uliowaleta haukuweza kuwarudisha, hawakuwa na budi kungoja mpaka kusi ivume, ndipo wapakie boriti za mikoko, nafaka na ngozi wakarejea makwao. Disemba 1938 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alipanda jahazi la Wakuwaiti huko Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akateremka hadi Mombasa, Unguja na mikoko ya Rufiji. Na kitabu alichokitoa mwaka 1940, *Sons of Sindbad*, kimehifadhi habari za safari hizo zilipokuwa zikikaribia ukingoni.

Mtu aliyelazimika kukaa miezi mitatu au minne katika mji wa watu hawezi kuishi kama mpita njia. Atahitaji kulijua jina la mwenye nyumba, kuazima sufuria na kuirudisha imesafishwa, kusali safu moja na jirani, kuoa pengine, na kujifunza lugha huku akiikopesha maneno. Na haya maneno ninayoyaandika hapa, tangu safari mpaka adabu, tangu hisani mpaka daftari, ni bakshishi ya ugeni huo mrefu. Upepo ndio uliokuwa mwalimu wa adabu, kwa kuwa aliyewaudhi wenyeji Januari alikuwa na hakika ya kuwatazama usoni hata Aprili.

Wala si kila mgeni alikuwa wa namna hiyo. Vasco da Gama, ambaye Krismasi ya mwaka 1497 ilimkuta baharini kando ya pwani ya kusini mwa Afrika akaiita nchi aliyoiona Natal kwa jina la sikukuu yenyewe, alifika Mombasa Aprili 1498, yeye na wenyeji wakashindwa kuaminiana. Akaenda Malindi, akapokewa kwa hisani, akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Wareno walipourudia mji wa Mombasa mwaka 1505 waliuteka na kuutia moto, na mwaka 1593 wakaanza kuijenga Fort Jesus, ngome ambayo leo watoto wa shule hupigia picha. Waiyaki hakuwa wa kwanza katika nchi hizi kumfungulia mlango mtu wa aina ile.

Sisi tuliokuja na gari moshi tulikuwa na siku tano za kukaa, na tiketi za kurudia mfukoni.

Bahari iliyoondoka

Asubuhi ya tarehe 24 watoto walitangulia ufuoni, na kabla hatujamaliza mahamri na mbaazi, mdogo wao, mwenye miaka sita, alirudi mbio akilia. "Baba, bahari imeondoka!"

Tulikwenda. Ilikuwa saa nne, na kweli mahali tulipoiona bahari jana yake jioni palikuwa mchanga wenye mikunjo, na madimbwi, na mwani, na mashua zilizolala ubavu kama ng'ombe wanaocheua. Maji yenyewe yalikuwa mbali, mstari mweupe kwenye mwamba. Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa ameketi kivulini akitengeneza wavu, alimwita mtoto karibu.

"Haikuondoka, mjukuu wangu. Imekupwa. Mwezi utaandama leo jioni, na siku hizi za bamvua maji hupwa saa nne na kujaa saa kumi. Njoo alasiri uje uidai bahari yako."

"Nani huivuta?"

"Mwezi."

Mtoto alitazama juu, akakuta jua peke yake, akamtazama mzee kwa shaka kubwa. Lakini mzee alikuwa amesema ilimu nzima kwa maneno machache: mwezi uandamapo na uwapo mpevu, jua nalo huvuta pamoja nao, na hapo tofauti ya maji makuu na maji kupwa huko Mombasa huzidi mita tatu, katikati ya nyakati hizo huja maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana, na kila siku maji hukawia kama dakika 50 kuliko jana yake, hata anayeihesabu miezi hana haja ya saa. Alituonya tuvae viatu kabla ya kuukaribia mwamba, kwa ajili ya miiba ya baharini, na tusiokote kombe lenye mwenyewe ndani. Saa kumi jioni tulirudi, na bahari ilikuwa imefika mpaka mizizi ya minazi. Mtoto aliitazama, akarejea kivulini kumtafuta mzee amwambie kwamba alikuwa amesema kweli. Mzee alikuwa amekwenda na maji.

Magharibi ile mwezi uliandama, mwembamba kama ukucha, na bibi wawili, mmoja wa Kinangop na mmoja wa Mji wa Kale, waliutazama kutoka barazani bila ya kuzungumza.

Siku ya tatu

Krismasi ilikuwa Jumapili. Tulikwenda ibadani mjini, katika kanisa kuu la Kianglikana lililoko barabara ya Nkrumah, lililojengwa kati ya mwaka 1903 na 1905 kwa ukumbusho wa Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Mama alisimama uani akayatazama makuba yake na matao yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hapa ni kanisani au msikitini?" Waliolijenga walifuata umbo la majengo ya mji waliouona umewazunguka, na ndani, sala na mahubiri yalikuwa kwa Kiswahili ambacho mama, aliyezoea cha sokoni, alikisikiliza kama mtu anayeonjeshwa asali baada ya sukari.

Mtu wa bara hudhani ameichukua Krismasi kutoka Nairobi pamoja na masanduku yake, kana kwamba pwani ina mchanga tu na Waislamu. Walakini Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakaanzisha misheni yao Rabai, nyuma ya mji. Na mwaka 1875 likaanzishwa kando ya Nyali kao la Frere Town, la watumwa waliokombolewa, ambao kengele yao ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni hadi leo. Rabai ilikuwa ikiimba nyimbo za Noeli kwa miaka hamsini na zaidi kabla Nairobi haijawa stesheni katika bwawa la matope.

Tuliporudi Bamburi, mama hakupanda ngazi. Ilikuwa siku yetu ya tatu, naye ni mwanamke ambaye hajapata kuketi siku tatu bila ya kazi; akaingia jikoni kwa mwenye nyumba akaomba apewe cha kufanya.

Bibi akacheka. "Kweli, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mwenzangu, mimi jembe sina. Mbuzi ninayo."

Mama akapangusa mikono, akauliza iko wapi, na kama kuna mtu wa kuichinja. Alipoonyeshwa kibao kidogo cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno, cha kukunia nazi, vicheko vyao vilitufikia ghorofani. Alikaa juu ya mbuzi ile akakuna nazi nne, na kiondo chake kikaletwa, na viazi vya Kinangop vikawa viazi karai. Saa nane tuliletewa sinia lililofunikwa kawa: wali wa nazi, samaki wa kupaka, na kachumbari. "Leo sikukuu ni yenu," bibi alisema akiwa mlangoni. "Idi itakuwa yetu, nasi tutangoja sinia lirudi."

Alasiri tulikwenda Jomo Kenyatta Public Beach, ambapo watu wengi hupaita Pirates, na hapo nikaiona Krismasi ya wananchi katika ukamilifu wake. Walikuwako waliokodi maboya ya matairi ya malori, na waliokodi hata nguo za kuogelea. Ngamia waliovishwa shanga, wakipita kwa kiburi katikati ya watoto waliokwama baina ya hofu na tamaa. Wauzaji wa mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, wa achari za maembe na mabuyu mekundu. Wapiga picha wenye kuapa kwamba picha itatoka sasa hivi. Na jamaa nzima zisizojua kuogelea, zimesimama katika maji ya kiunoni zimeshikana mikono, zikipiga ukelele kwa pamoja kila wimbi lijapo. Mama alivua viatu akavishika mkononi, akainua gauni mpaka vifundoni, akangoja. Wimbi likamfikia. Akainama, akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Kweli," akasema, "si Sasumua."

Akatoa chupa ndogo kiondoni, akaijaza, akaifunga kwa nguvu, kwa kuwa alijua Kinangop hakuna atakayemwamini kwa maneno matupu.

Mteja na mgeni

Nisingetaka msomaji adhani kwamba kila kitu kilikuwa sinia na kawa. Dafu lina bei mbili, na ya pili husikika mara tu ulimi wa bara unapofunguka. Njia za umma za kuteremkia ufuoni zimebanwa mahali pengi na kuta za watu wenye nguvu, hata mvuvi akalazimika kuzunguka ili aifikie mashua yake mwenyewe. Vijana wa ufuoni, wasio na kazi nyingine, humwandama mtu kwa bidhaa asizozitaka mpaka akaichukia bahari.

Lakini sisi nasi tuna hesabu yetu. Kabla ya uhuru, mapumziko ya ufuoni yalikuwa ya walowezi, na Mwafrika aliingia hotelini kwa mlango wa jikoni. Baadaye hoteli zikawategemea watalii wa Ulaya. Na hao walipopungua, mwaka 2014 kwa hofu ya mashambulizi na mwaka 2020 kwa ajili ya korona, thamani ya wageni wa ndani ikaonekana. Tulipokwisha kujua kwamba fedha yetu yahitajiwa, wengi wetu tuliiacha adabu Syokimau. Tunamwita mhudumu kwa mluzi. Tunafungulia muziki usiku katika mtaa wa watu wanaoamka alfajiri kusali. Tunapita kifua wazi mbele ya msikiti, na tunaacha nyuma yetu chupa, ingawa tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliokota taka za namna hiyo wakaunda jahazi la Flipflopi, lililoteremshwa majini mwaka 2018, ambalo lilivikwa ndara kuukuu zipatazo 30,000, na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja. Wenyeji wameweza kuyapa tanga hata makombo ya wageni. Hilo latosha kutufedhehesha.

Mteja hulipa akaondoka, na deni limekwisha. Mgeni hata akilipa hubaki na deni, kwa kuwa alichopokea hakina risiti. Na deni hilo hulipwa siku moja tu, nayo ni siku mwenyeji wake anapogeuka mgeni.

Safu ya tano

Asubuhi ya kuondoka, masanduku yakiwa mlangoni, bibi alimkumbatia mama, kisha akanigeukia mimi. "Na sisi tukija kwenu, tutafikia wapi?"

"Kwangu, bibi," nikajibu upesi, kama tujibuvyo wote.

Mwishoni mwa Agosti mwaka uliofuata, Nairobi ikiwa ingali imejifunika mawingu ya baridi na huko pwani kusi ikivuma, askari wa langoni alinipigia simu Ijumaa jioni. Palikuwa na kijana, alisema, ametoka Mombasa, kitambulisho anacho na simu anayo, lakini daftari limemshinda. Niliteremka. Nilimkuta mjukuu wa bibi, aliyekuja kujiunga na chuo kikuu, amesimama nje ya lango katika shati jepesi, akitetemeka, na mkononi ameshika kifurushi cha mahamri yaliyokwisha kupoa. Hapakuwa na kiti nje ya lango letu. Sikuwa nimepata kuligundua hilo. Nililitazama daftari. Katika safu ya tano, chini ya sababu ya kuja, waliotangulia siku ile walikuwa wameandika fundi wa mabomba, kuleta gesi, kusoma mita, fundi tena. Kijana alikuwa ameandika: ugeni. "Sasa hiyo ni kazi gani?" askari aliniuliza, kwa unyofu kabisa.

Nilimvika koti langu, na usiku ule mama akapigiwa simu Kinangop ili amwamkie. Tulimpa kitanda cha mwanangu, tukampikia, tukamkataza kugusa chombo. Alikuwa aripoti chuoni Jumatatu. Jumapili asubuhi nilipoamka sikumkuta chumbani. Nilimkuta nyuma ya nyumba, koti limefungwa mpaka shingoni, ameshika jembe, anapalilia sukuma wiki ambayo hapana aliyemwomba aipalilie. Nilipotaka kumnyang'anya alicheka, akasema bibi yake alimhesabia siku kabla hajaondoka Mombasa.